Ubuyu wa Singida: Unayoyaweza na Unayosingiziwa

Ifikapo mwezi wa saba, mvua zikiwa zimekwisha sahaulika na alizeti imekwisha ingizwa ndani, miti yote ya nyika ya Singida huonekana kana kwamba imekata tamaa, isipokuwa mmoja. Mbuyu huvua majani yake kama mingine, lakini matawini hubakiza mzigo wake: mabuyu ya rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani, yenye manyoya laini mfano wa mahameli, yakining'inia kwa vikonyo virefu. Kandokando ya barabara itokayo Manyoni utawakuta akina mama wameyapanga chini, mengine mazima na mengine yamepasuliwa ili mpita njia aone weupe wa ndani. Viroba vya ubuyu uliokwisha kupukuchuliwa husubiri magari ya Dodoma na Dar es Salaam.

Tulipita njia hiyo msimu uliopita, lakini safari yetu haikuwa ya kununua ubuyu. Tulikuwa tunakwenda kumjulia hali shangazi yetu wa Ikungi, aliyelazwa.

Shangazi ana umri uliopita miaka 60. Kisukari anaishi nacho tangu muda mrefu, na magoti yake huvimba kila atokapo shambani. Siku moja mnadani alimsikiliza mtu mwenye kipaza sauti aliyekuwa akiuza unga wa ubuyu katika vikopo, akiusifu kuwa huondoa sumu zote mwilini, huzima uvimbe wa viungo, huponya kisukari, presha na vidonda vya tumbo. Shangazi alinunua vikopo viwili. Muuzaji alimuongezea na nasaha ya bure: vidonge vya hospitali na ubuyu havikai pamoja tumboni, achague kimoja. Akachagua. Vidonge akavifungia sandukuni. Wiki ya nne mjukuu wake alimkuta amelala mchana, kinywa kimemkauka, akizungumza maneno yasiyofuatana. Walipompima hospitali, sukari ilikuwa imepanda kiasi cha kutisha.

Alhamdulillahi, tulimkuta ameketi kitandani. Baada ya salamu alituuliza swali ambalo makala hii ni jaribio la kulijibu: "Wanangu, nimekula ubuyu tangu sijaota meno. Leo umegeuka sumu?"

Haukugeuka sumu, na wala si uongo kwamba una mambo ndani yake. Tatizo la maneno ya mnadani ni kwamba hayakuwa uongo mtupu. Uongo mtupu shangazi angeukataa, maana si mtu wa kudanganywa kirahisi. Yalikuwa ukweli ulionyooshwa mpaka ukakatika.

Tuanze na tunda lenyewe. Mbuyu, ambao wataalamu wa mimea huuita Adansonia digitata, ni mti wa asili wa bara la Afrika, na watu wa dini na lugha mbalimbali wameujua kwa karne nyingi. Msafiri wetu maarufu Ibn Battuta, yule aliyefika Kilwa mwaka 1331, alipokuwa njiani kwenda Mali mwaka 1352 alisimulia habari za miti mikubwa mno ambayo msafara mzima waweza kupata kivuli chini yake, na ndani ya shina la mmoja alimkuta mfumaji ameweka kitanda chake cha kufumia, anafanya kazi. Wasomaji wa maelezo yake wanaona kwamba huo hauwezi kuwa mti mwingine ila mbuyu. Mwaka 1592 tabibu wa Kitaliano, Prospero Alpini, aliandika katika kitabu chake cha mimea ya Misri habari za tunda aliloliona Cairo, likiitwa bahobab, jina ambalo wengi hulirudisha kwenye maneno ya Kiarabu yenye maana ya tunda lenye mbegu nyingi. Jina la kisayansi lilikuja baadaye, kwa heshima ya Mfaransa Michel Adanson aliyeuchunguza mti huo Senegal katikati ya karne ya 18. Wazee wa Singida hawakumngoja Mfaransa. Na upande wa Mkalama, kuelekea bonde la Ziwa Eyasi, Wahadzabe mpaka leo huutwanga ubuyu pamoja na mbegu zake, wakauchanganya na maji, ukawa chakula cha mkubwa na cha mtoto anayeachishwa ziwa.

Jambo la ajabu katika tunda hili ni kwamba hujikausha lenyewe. Embe likiiva lina maji, na lisipoliwa huoza. Ubuyu hukaukia mtini, ndani ya gamba lake gumu, ukawa vipande vyeupe vinavyosagika kwa vidole. Haukaushwi kwa moto wala mashine, na kwa sababu hiyo vilivyomo ndani yake hubakia kwa wingi katika uzito mdogo. Msomaji akumbuke hili anaposoma hesabu zinazofuata, maana gramu 100 za ubuyu ni furushi kubwa kuliko anavyodhani. Hakuna aulaye kiasi hicho kwa mara moja, wakati chungwa moja tu lakaribia kufika huko.

Vipimo vya vitamini C katika ubuyu hutofautiana sana kutoka mti hadi mti na kutoka maabara hadi maabara. Vingi huangukia kati ya miligramu 150 na 300 katika gramu 100, na vipo vilivyopanda zaidi ya hapo. Chungwa lina takribani 50. Ndiyo asili ya ile kauli kwamba ubuyu unalishinda chungwa mara sita. Hesabu hiyo si ya uongo, lakini hailinganishi mlo na mlo. Chukua vijiko viwili vya chakula vya unga wa ubuyu, tuseme gramu 20. Kama unga wako una miligramu 200 katika gramu 100, umepata miligramu 40. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya hupendekeza mtu mzima apate 45 kwa siku. Basi vijiko viwili vinamkaribisha mtu kwenye haja yake ya siku nzima, katika mkoa ambao machungwa hutoka mbali na hununuliwa kwa bei. Sisi tunaona hilo peke yake latosha kuupa ubuyu heshima, pasipo kuongeza chumvi.

Mbali na vitamini C, ubuyu una chokaa ya mifupa, yaani kalisi, una potasiamu nyingi, na karibu nusu ya uzito wake ni nyuzinyuzi, nyingi zikiwa za aina ile inayovimba na kuwa kama ute ikikutana na maji. Una pia kundi la kemikali za mimea ziitwazo polifenoli, ambazo ndizo huleta ule ukakasi unaobana ulimi.

Hapa ndipo linapoingia neno lililopendwa na wauzaji: antioksidanti. Mama yeyote wa Singida aliyewahi kukamua alizeti anaijua maana yake hata kama hajalisikia neno. Mafuta mapya ukiyaacha juani katika chupa nyeupe, baada ya muda hutoa harufu kali na ladha ya kukereketa. Hewa imeyala. Oksijeni imejiunga na mafuta na kuyavunja, na kila chembe iliyovunjika huivunja jirani yake. Mwilini mwetu, palipo na mafuta katika kuta za kila chembe hai, mvunjiko wa namna hiyo hutokea kila saa, kwa sababu tunavuta oksijeni na kuunguza chakula. Antioksidanti ni kitu kinachojitoa kivunjwe chenyewe ili jirani asivunjwe. Mwili hutengeneza vyake, na vingine, kama vitamini C na polifenoli, huvipata katika chakula.

Na inflamesheni je, ule uvimbe ambao matabibu wa zamani walioandika kwa Kiarabu, akiwamo Ibn Sina, waliujadili kwa urefu chini ya neno waram? Ukijichoma mwiba, kidole huwa chekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Hiyo si adui. Ni askari wa mwili wamefika kazini. Taabu huanza wanapokataa kuondoka. Katika magoti ya shangazi, katika mishipa ya mwenye presha, katika mwili wa mwenye kisukari, moto mdogo huendelea kufuka miaka na miaka. Askari hawa hutumia oksijeni kali kama silaha yao, na mvunjiko ule tuliousema nao huwaita askari zaidi. Ndiyo sababu mambo haya mawili hutajwa pamoja, na ndiyo sababu mtu mwenye akili timamu anaweza kuwaza kwamba tunda lenye antioksidanti nyingi litatuliza uvimbe.

Wanasayansi nao waliwaza hivyo wakalijaribu. Mwaka 1994 watafiti wa Misri walichapisha matokeo ya kuwapa panya maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye nyama ya ubuyu. Panya waliochomwa kemikali ya kuvimbisha mguu walivimba kidogo zaidi kuliko wenzao wasiopewa, na homa na maumivu vilipungua pia. Habari njema. Lakini kipimo kilikuwa miligramu 400 hadi 800 za kikamulio kwa kila kilo moja ya uzito wa panya. Madaktari hawazidishi tu kutoka panya hadi binadamu, ila kwa kupata picha, mtu wa kilo 60 kwa hesabu hiyo angehitaji gramu 24 hadi 48, tena si za unga bali za kile kilichokamuliwa kutoka kwenye unga. Mwaka 2009 watafiti wa Vancouver, Kanada, walionyesha kwamba vikamulio vya mbuyu hubadilisha utoaji wa kemikali ambazo chembe za mwili huzitumia kuitana wakati wa uvimbe, na huzuia baadhi ya virusi. Katika kuvizuia virusi, majani ndiyo yaliyokuwa na nguvu zaidi, na hapo huwa tunacheka kidogo, maana wauzaji wa vikopo hawayataji majani kabisa. Hata hivyo, yote hayo yalitendeka katika chembe zilizooteshwa maabara, si katika goti la mtu.

Kwa upande wa sukari, jaribio lilifanywa kwa watu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford Brookes, Uingereza, waliwapa watu wenye afya njema mkate mweupe pamoja na kinywaji cha ubuyu, gramu 18.5 kwa wengine na 37 kwa wengine katika robo lita ya maji. Sukari ya damu ilipanda kwa kiasi kidogo kuliko walipokula mkate bila ubuyu. Nyuzinyuzi na polifenoli huchelewesha wanga kusagwa. Msomaji aone mambo matatu hapa. Kwanza, waliojaribiwa walikuwa wazima, wala hawakuwa wagonjwa wa kisukari. Pili, kilichopimwa ni saa chache baada ya mlo mmoja, si miezi ya maradhi. Tatu, hakuna aliyeambiwa aache dawa. Shangazi alifanya kinyume cha yote matatu, na muuzaji wake hakuwahi kulisikia jaribio hilo.

Tuongeze na habari ambayo wachache huijua. Zamani ilikuwapo orodha ya Wizara ya Kilimo ya Marekani iliyopanga vyakula kwa nguvu zake za antioksidanti kama zilivyopimwa ndani ya chupa za maabara, na biashara nyingi duniani zilijitangaza kwa namba zake. Mwaka 2012 wizara hiyo iliiondoa orodha. Sababu ni kwamba namba ya chupani haikuonyesha kinachotokea mwilini, na kampuni zilikuwa zikiitumia kuuzia bidhaa. Polifenoli nyingi tunazokula hazifiki kwenye damu zikiwa nzima, nyingine hugeuzwa na vijidudu vya utumbo, nyingine hutoka zilivyoingia. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba unga wake una antioksidanti mara kadhaa kuliko tunda fulani, anakupa habari za chupa.

Yapo pia ya kutahadhari ambayo tunayaona mazito kuliko sifa. Mgonjwa wa figo asinywe ubuyu bila kumuuliza daktari wake, kwa kuwa figo zilizochoka hushindwa kuitoa potasiamu, na potasiamu ikizidi huutikisa moyo. Mwenye kisukari atumiaye vidonge au sindano anaweza kula ubuyu kama chakula, lakini aendelee na dawa na apime sukari yake, na amwambie anayemtibu. Kisha kuna mafuta yanayokamuliwa kutoka kwenye mbegu, ambayo wapo wanaoyanywa kijiko kwa kijiko asubuhi. Mafuta ya mbegu za mbuyu yana asidi za kundi lijulikanalo kama siklopropenoidi, ambazo katika wanyama zimeonekana kuvuruga namna mwili unavyoyashughulikia mafuta. Moto mkali na usafishaji wa kiwandani huzipunguza, lakini mafuta ya kukamuliwa nyumbani hayakupitia huko. Tunasema wazi: kwa ngozi na nywele, sawa, ama kuyanywa mabichi kama dawa, hatuoni kheri ndani yake.

Na ule ubuyu mwekundu? Hapa tutawaudhi baadhi ya wasomaji, hasa wa Pwani na Visiwani. Ubuyu wa rangi, uliopikwa kwa sukari, iliki na pilipili, ni starehe nzuri ya mdomoni na hatumkatazi mtu starehe yake. Ila ni peremende. Moto umekwisha punguza vitamini C yake, sukari imeifunika tindikali yake, na mtoto anayeufyonza kutwa nzima huyaogesha meno yake katika sukari na tindikali kwa pamoja. Ubuyu mtupu nao una tindikali, kwa hiyo hata huo asifyonze kutwa. Ale, kisha asukutue kwa maji. (Tunajua kwamba siku hizi mjini neno ubuyu lina maana nyingine, ya habari za watu zilizokolezwa viungo. Huenda aliyelianzisha alikuwa anaufikiria huu wa rangi.)

Jikoni, basi, mambo si magumu. Nunua ubuyu mweupe au wenye weupe uelekeao manjano, mkavu, usio na harufu ya uvundo. Uliolowa unyevu hushika ukungu, na ukungu hautolewi kwa kuchekecha. Twanga taratibu ili usivunje mbegu, chekecha, hifadhi katika chombo kikavu chenye mfuniko. Kwa kinywaji, loweka katika maji yaliyochemshwa yakapoa, koroga, chuja. Usiuchemshe. Kwa uji, ipua kwanza sufuria, uache upoe kiasi cha kunyweka, ndipo utie kijiko au viwili. Akina bibi wa Singida hufanya hivyo kwa uji wa mtama na uwele, nasi tunaona walifika mahali ambapo vitabu vya lishe vilifika baadaye. Nafaka hizo zina madini ya chuma, lakini ya namna ambayo tumbo huyapokea kwa shida. Vitamini C ikiwapo katika bakuli hilohilo, hupokewa vizuri zaidi. Kwa mama mjamzito, kwa msichana aliyevunja ungo, kwa mtoto aliyepauka viganja, bakuli hilo lina maana kubwa kuliko kikopo cha mnadani. Chai ya rangi baada ya mlo huo huondoa sehemu ya faida, basi na iahirishwe kwa saa moja au mbili. Na mwezi wa Ramadhani, glasi ya maji ya ubuyu yenye sukari kidogo au pasipo sukari kabisa ni badala bora ya vinywaji vya unga wa rangi ambavyo tumezoea kuvimwaga juu ya tumbo lililokaa tupu tangu alfajiri.

Wakubwa wa dunia nao wamekwisha uona. Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe kama chakula kipya mwaka 2008, na Marekani ikafuata mwaka 2009. Neno hilo "kipya" lilimchekesha sana shangazi tulipomtafsiria. Lakini alipomaliza kucheka alitaja jambo ambalo sisi hatukulifikiria. Mibuyu anayoijua yeye ni ileile aliyoikuta utotoni. Michanga haioni. Miche ikiota, mbuzi na ng'ombe huila kabla haijapata nguvu, na mbuyu si mti wa kukuzaa faida kesho, kwani hupita miaka mingi kabla ya kutoa tunda la kwanza. Mwaka 2018 wanasayansi waliripoti kwamba mibuyu mizee kabisa ya kusini mwa Afrika imekuwa ikifa, na wakashuku mabadiliko ya hali ya hewa. Bei ya kiroba ikipanda, tawi hukatwa ili kuchuma haraka, na popo wanaozuru maua yake usiku na kuyachavusha hawana wa kuwasemea. Kijana apandaye mbuyu leo, akauwekea uzio wa miiba mpaka uwashinde mbuzi, anawapandia wajukuu.

Tulirudi Ikungi wiki kadhaa baadaye. Shangazi yuko nyumbani. Vidonge vimetoka sandukuni, sasa viko juu ya kabati, na mjukuu wa darasa la tano ndiye mhesabuji, mkali kuliko muuguzi. Uji unakuja asubuhi na kijiko chake cha ubuyu. Magoti bado yanauma, ila daktari amempa mazoezi ya kuyanyoosha na amemshauri apunguze kubeba ndoo kichwani, ushauri ambao anaufuata siku tunazomtembelea. Tulipoaga alitutwika mfuko wa ubuyu wa kupeleka Dar es Salaam.

"Wapeni watoto," alisema. "Na huyo mama yao mwambieni, asiutie rangi."